Yaliyobaki Nje ya Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa moja na robo jioni:
wajumbe tisa, wananchi sitini na wawili,
mbwa watatu ambao sikuwahesabu.
Mimi ndiye karani. Kazi yangu ni kuandika
"ilipendekezwa", "ilipingwa", "iliahirishwa",
na kukiacha kikohozi kiwe kikohozi.

Bwana Delmas, aliyetumwa na serikali,
alibandika ukutani ramani ya milima yetu ya Pirenei,
miduara mitatu ya kijani juu ya malisho.
Dubu majike wawili, alisema, kutoka Slovenia,
watashushwa kwa helikopta mwezi wa tano,
kila mmoja na kola ya betri shingoni.
Alisema "kurejeshwa". Nikaandika "kurejeshwa".
Fabrice Souquet akauliza kutoka nyuma:
"Kinarejeshwaje kitu ambacho hatukukiazima?"
Kicheko. Sikuandika kicheko.

Fabrice ana kondoo mia tatu arobaini.
Alikuwa nao mia tano.
Kiangazi kilichopita, usiku wa ukungu,
kundi lilishtushwa na kitu asichokijua hadi leo
likajimwaga gengeni
kama maharage gunia linapopasuka.
Alfajiri aliwakuta chini, wengine bado wanapumua.
Alishuka na kisu.
Fomu ya fidia ilitaka picha, saa ya tukio
na alama za meno. Genge halina meno.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na Delmas, nilimwona, alikuwa analala hotelini.

Hoteli yenyewe ni ya Ghislaine,
ambaye alizungumza dakika sita bila kuegemea upande,
maana biskuti za umbo la dubu
ameshaziagiza, katoni arobaini,
na nyama anayowapikia wageni
huinunua kwa Fabrice.

Mwalimu Maylis alileta michoro ya wanafunzi wake.
Wote kumi na wanne wamemchora dubu anatabasamu,
isipokuwa mtoto wa Fabrice:
yeye alichora zizi, mlango umefungwa,
akapaka nje kote rangi nyeusi
mpaka karatasi ikatoboka.

Bibi Léontine Estrade alisimama bila kuitwa,
kifaa cha sikio kinapiga mluzi.
Baba yake ndiye aliyemuua dubu wa mwisho upande huu.
Alilipwa na wilaya, akanunua cherehani.
"Ngozi ile nilijifunzia kutambaa," alisema.
"Sina la kumtetea mnyama. Alinuka hata mfu.
Ila baba aliendelea kuliwekea zizi komeo mbili,
kila jioni, miaka ishirini,
halafu husimama pale anasikiliza.
Mama alimwonea wivu ule mlima."
Akauliza kama kanisa litapata mkaa mwaka huu.
Nikaandika: mkaa.

Waliokataa thelathini na wanne. Waliokubali ishirini na sita.
Wawili walikuwa nje wanavuta sigara.
Delmas akatushukuru kwa maoni,
akaikunja ramani kufuata mikunjo yake ya zamani,
nasi tukaelewa kwamba tarehe haijabadilika.
Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga;
hawakuwahi kuiona helikopta.

Karani hapigi kura.
Mkono wangu ulikuwa na kalamu, na nilishukuru.

Kwani mizinga yangu ya nyuki iko juu ya makaburi,
na mwezi wa kumi, kabla ya ramani na miduara,
niliukuta mmoja umelala ubavu,
masega yamelambwa hadi mbao,
na kwenye mbao mikwaruzo mitano, sambamba.
Yupo basi mmoja ambaye hakungoja kurejeshwa.
Nilimwambia mume wangu ni upepo.
Akautazama ule ubao,
akatafuta nyundo, akaniuliza
tangu lini upepo una vidole.

Hatujamwambia mtu.
Tumenunua uzio wa umeme, mita hamsini,
na risiti tunayo.
Uko chini ya ngazi, ndani ya boksi lake,
na kila jioni mmoja wetu
huupita akienda kuzima taa.